Mdogo wangu amekatwa mguu. Je, mpira ndiyo basi?

SWALI: Mimi ni dada mtu, na mdogo wangu ana miaka 19. Mwaka jana alipata ajali ya bodaboda, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Kabla ya hapo alikuwa winga wa timu ya mtaa wetu hapa Mikindani. Kidonda kimepona, lakini kila jioni anakwenda uwanjani na kukaa na mabegi ya wenzake mpaka magharibi. Mama anasema mpira ndiyo basi, ajifunze cherehani. Mtaani wapo vijana wengine wawili wasiocheza, mmoja ana ualbino na mwingine ni kiziwi tangu utotoni. Je, upo mchezo wanaoweza kucheza kweli, au tutakuwa tunawapa matumaini hewa? Na tuanzie wapi? Msomaji, Mikindani, Mtwara.

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyowakuta, na nianze na hilo la matumaini hewa. Mdogo wako anaweza kucheza mpira. Nasema mpira wa jasho, wa kufunga na kufungwa, wa kulala na hasira kwa sababu ya penalti iliyokataliwa. Upo mpira wa miguu wa watu waliokatwa kiungo, na Tanzania ina timu yake ya taifa, Tembo Warriors. Mwaka 2021 mashindano ya Afrika ya mchezo huo yalifanyika Dar es Salaam, na mwaka 2022 vijana wetu walikwenda Kombe la Dunia huko Istanbul, Uturuki, wakafika robo fainali.

Unachezwa hivi. Kila timu ina watu saba. Sita wa ndani wana mguu mmoja na wanatembelea magongo mawili. Kipa ana miguu yote ila mkono ni mmoja, na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Uwanja ni mdogo, kama mita 60 kwa 40. Vipindi ni viwili vya dakika 25, na hakuna kuotea. Gongo huhesabiwa kama mkono: ukiugusa mpira nalo kwa makusudi, umeunawa. Vivyo hivyo kwa sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Kumpiga mwenzako kwa gongo ni kosa kubwa, unatolewa. Na mguu wa bandia hauvaliwi uwanjani.

Hilo la mguu wa bandia lishike sana. Familia nyingi huniambia, "tunasubiri apate mguu kwanza." Mguu wa bandia ni muhimu kwa kutembea, kwa kazi, kwa kupanda daladala, na mwendelee kuufuatilia. Ila kwa mpira huu hakuna cha kusubiri. Mwenye mguu mmoja na magongo mazuri ana vifaa vyote anavyohitaji.

Sasa tuje kwenye mwili wake, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo na ndipo ninapokuomba usome polepole. Umeniambia kila jioni anakaa na mabegi. Bila shaka na mchana anakaa, na usiku huenda anaweka mto chini ya kile kipande cha mguu kwa sababu kinauma. Kwa mtu aliyekatwa juu ya goti, kukaa kutwa ndio adui. Misuli ya mbele ya nyonga hujikunja na kukakamaa, paja likaelekea mbele, na baada ya miezi hawezi tena kulinyoosha. Mtu wa hivyo hata ukimpa magongo mazuri kuliko yote atainama, mgongo utamuuma, na mguu wa bandia ukija hautamkaa sawasawa. Dawa yake haina gharama: alale kifudifudi, bila mto chini ya paja, dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, huku nyonga zikigusa godoro. Aanze leo usiku. Ule mto wa chini ya paja uondoeni kabisa.

Kovu nalo lisimamiwe. Kila jioni aoshe kwa maji na sabuni, akaushe, kisha aangalie sehemu ya nyuma kwa kioo kidogo cha mkononi. Wekundu ukiisha baada ya kupumzika kidogo si neno. Ukibaki hadi asubuhi, siku hiyo hachezi. Likitokea lengelenge au maji, anasimama mpaka ngozi ifunge. Akikuambia kwamba vidole vya mguu usiokuwepo vinauma au vinawasha, mwamini. Ni mishipa ya fahamu inayoendelea kupeleka habari kwenye ubongo. Si jini wala si wazimu, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Maumivu yakizidi, hospitali wana njia za kuyatuliza.

Magongo ndiyo viatu vyake, na hapa watu wengi hukosea. Bila shaka alitoka hospitali na yale ya kwapani, ya mbao. Hayo ni ya kumfikisha msalani na sokoni, hayachezewi. Ukiyaegemea kwa nguvu yanakandamiza mishipa ya fahamu ya kwapani, vidole vinaanza kufa ganzi na kiganja kinalegea. Anahitaji yale mafupi ya chuma chepesi, yenye kikombe cha kushika mkono chini ya kiwiko. Kuyapima ni rahisi: asimame wima amevaa kiatu, mkono uning'inie. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, na akiushika kiwiko kikunjike kidogo. Kikombe kikae vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko. Yakiwa marefu mabega yatapanda hadi masikioni na shingo itamuuma. Yakiwa mafupi atacheza ameinama. Mshikio uzungushiwe kipande cha tyubu ya baiskeli ili viganja visichubuke. Kisha kagua zile raba za chini kila wiki. Siku ukiona chuma kimechungulia, hakuna mpira mpaka raba nyingine ipatikane, kwa sababu chuma kikiteleza juu ya ardhi ngumu mtu anaanguka kwa uso.

Mikindani mna mchanga mwingi, na mchanga mkavu unameza magongo. Lakini mna kitu ambacho watu wa Newala na Tandahimba hawana. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo hupwa mbali zaidi, ule mchanga uliolowa unakuwa umeshikana, mpana, tambarare, na ukianguka hauchubui. Mazoezi ya mwanzo yafanyieni pale, baada ya kuondoa makombe na vipande vya chupa. Mkimaliza, magongo yasuuzwe kwa maji baridi ya bomba au kisima, la sivyo chumvi itakula misumari yake.

Wiki za kwanza asiguse mpira sana. Atembee kwa magongo, aongeze mwendo, ageuke, arudi nyuma, siku moja mazoezi na siku moja mapumziko, kwa sababu mabega yake hayajawahi kubeba mwili mzima. Nyumbani ajiinue kwa mikono akiwa ameketi pembezoni mwa benchi, mara chache chache, akiongeza taratibu. Na ajifunze kuanguka. Ndiyo, afundishwe: akihisi anakwenda chini, ayatupe magongo pembeni, apokee ardhi kwa viganja huku viwiko vimekunjika, ajiviringishe. Asiyejua kuanguka hucheza kwa woga, na mwenye woga ndiye anayeumia.

Baada ya hapo ndipo shuti. Mtazame mchezaji aliyezoea. Anafika kwenye mpira, anasimika magongo yote mawili kwa upana wa mabega, uzito wote unahamia viganjani. Mguu unaachia ardhi, unapita katikati ya magongo na kuupiga mpira, na kwa nukta hiyo mwili mzima unaning'inia kwenye mikono miwili. Halafu mguu unatua na magongo yanaondoka pamoja. Anayetegemea nguvu za paja peke yake hupiga shuti la kitoto. Nguvu inatoka mabegani na tumboni, na winga mwenye kasi kama mdogo wako ataielewa mapema kuliko unavyodhani.

Utaniuliza, hao saba tutawatoa wapi Mikindani? Msisubiri saba. Chezeni watatu kwa watatu, na wenzake wenye miguu miwili washike magongo nao, mguu mmoja wakiukunja nyuma na kuufunga kwa khanga. Nchi nyingine hili ni jambo la kawaida. Canada, kwa mfano, watu wasio na ulemavu huruhusiwa kukaa kwenye viti vya magurudumu na kucheza ligi za ndani za mpira wa kikapu pamoja na wenye ulemavu. Faida yake ni mbili. Mdogo wako anapata wapinzani kila jioni, na wale vijana wakishapiga dakika kumi kwenye magongo hawatamwita tena "pole wewe".

Hapo kwenye pole ndipo ninapotaka kukazia. Kinachowatoa vijana wengi mchezoni si kidonda wala magongo, ni huruma. Nimeona mechi ambapo beki anasimama na kumpisha mwenye magongo, kipa anajiangusha upande usio, watu wanapiga vigelegele, na aliyefunga anatoka uwanjani bila kumtazama mtu. Alijua. Mtu aliyewahi kucheza winga anajua bao la kweli na bao la sadaka. Kwa hiyo wekeni sheria kabla ya kuanza, wekeni refa, hesabuni mabao, na anayecheza vibaya akae benchi kama mwingine yeyote, hata awe mdogo wako. Na asiombwe kupiga mpira wa ufunguzi kwenye sherehe halafu akarudishwa kwenye mabegi. Kama ni mchezaji, acheze.

Kwa huyu kijana kiziwi, dada, nitasema kwa ufupi na kwa uchungu. Hakuna kitu mwilini mwake kinachomzuia kucheza kwenye timu hiyo hiyo ya mtaa, jioni hii. Kinachokosekana ni kitambaa. Refa akipuliza filimbi anyanyue na kitambaa cha rangi kali, wachezaji wote wasimame papo hapo ili naye aone, na wenzake wajifunze ishara chache: nipe, rudi, mtu nyuma, badilisha upande. Yeye mwenyewe atawafundisha. Mashindano ya dunia ya viziwi yalianza Paris mwaka 1924, miaka 36 kabla ya Paralimpiki ya kwanza ya Roma mwaka 1960, na mpaka leo viziwi wana michezo yao pekee. Mkitaka kufika mbali zaidi ya mtaa, tafuteni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

Mwenye ualbino ana mambo mawili, macho na ngozi. Watu huona ngozi tu. Wengi wenye ualbino wanaona hafifu, na mwanga mkali unawaumiza, kwa hiyo mpira mweupe juu ya mchanga mweupe saa tisa mchana ni kumwonea. Mleteeni mipira ya rangi tofauti, yeye achague anaouona vizuri. Anayempa pasi amwite jina kwanza. Mazoezi yaanze saa kumi na moja jioni, na hata saa hiyo avae mikono mirefu na kofia yenye ukingo, apake mafuta ya kuzuia jua usoni, shingoni, masikioni na midomoni. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni hospitalini na Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania namna ya kuyapata. Kidonda chochote kwenye ngozi kisichopona ndani ya wiki chache kionwe na daktari, mchezo au bila mchezo. Tena, apimwe macho. Uoni wake ukiwa chini ya kiwango kinachotakiwa, anaweza kushindana katika riadha upande wa wenye uoni hafifu, mbio au kurusha, na huenda hicho kikawa chake kuliko mpira.

Kama mnataka mchezo mmoja wa kuwakusanya wote watatu, na watu wazima, na wanawake, napendekeza mpira wa wavu wa kukaa. Nyinyi ni watu wa bahari, wavu mnao. Kata kipande cha nyavu chakavu, simika nguzo mbili, chora uwanja wa mita 10 kwa 6 mchangani. Ukingo wa juu wa wavu uwe mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Watu sita kila upande, wote chini, na sheria kubwa ni moja: unapougusa mpira, makalio yasiachane na ardhi. Hapo mwenye miguu miwili hana cha kumzidi mwenye mmoja, na mara nyingi miguu inamsumbua tu, hajui aiweke wapi. Jirani zetu Rwanda, timu yao ya wanawake ya mchezo huu ilifika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016. Tahadhari moja: akijitokeza mtu aliyevunjika uti wa mgongo, labda aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mkorosho, asiburuzike mchangani. Hana hisia makalioni, atapata kidonda bila kujua, na vidonda vile huua. Huyo mtafutieni mchezo wa kurusha akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa imara na chenye mto.

Nimetaja wanawake kwa makusudi. Barua nyingi ninazopata zinauliza habari za vijana wa kiume. Mikindani nzima haikosi binti mwenye mguu uliopooza, au asiyeona, ambaye jioni yuko uani anachambua mchele kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwita. Nendeni mkamwombe kwa wazazi wake, kwa heshima, wewe ukiwa mbele kwa sababu ni mwanamke. Mwambie mama yake mtakuwa naye na mtamrudisha kabla ya magharibi.

Na mama yako? Usibishane naye. Ana haki ya kuogopa, alimwona mwanawe kwenye kitanda cha hospitali. Na cherehani ni kazi nzuri, ajifunze. Ila mwambie mama hivi: fundi cherehani anakaa kutwa, na kukaa kutwa ndiko kunakokakamaza nyonga niliyoieleza hapo juu. Mpira wa jioni utalinda mgongo na nyonga ya huyo fundi. Mwalike mama siku moja akae pembeni aone. Simaanishi siku ya mechi, siku ya mazoezi ya kuanguka.

Kuhusu kuanzia wapi. Mpelekeni kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, muulize idara ya mazoezi tiba, na magongo anayotumia yabebeni. Mueleze daktari kwamba anataka kucheza, si kutembea tu, kwa sababu vipimo na mazoezi ni tofauti. Kisha andikeni barua fupi kwa afisa michezo wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, mkiomba vitu vinavyotajika: jozi tatu za magongo ya mkono, mipira miwili, na saa maalumu uwanjani. Barua inayoomba "msaada kwa vijana wenye ulemavu" hulala kwenye faili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya mtaa. Muulizeni mwenyekiti wenu wa mtaa kama ya kwenu ipo, na kama imelala, vijana hawa watatu ndio wa kuiamsha. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja ushiriki katika michezo waziwazi. Litajeni hilo kwenye barua, mstari mmoja unatosha.

Zipo shule pia. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, yalifanyika Mtwara mwaka 2019 na tena 2021, na katika UMITASHUMTA wanafunzi wenye mahitaji maalumu hucheza soka, riadha na mpira wa goli, ule wa wasioona wenye kengele ndani. Kwa hiyo mjini hapo wapo walimu wa michezo walioona kwa macho yao jinsi mambo haya yanavyoendeshwa. Mtafuteni mmoja awe refa wenu.

Pesa mkizihitaji, changisheni msimu wa korosho, malipo ya minada ya mwanzo yakishaingia. Mwezi wa tatu mtaambulia pole tupu. Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mikopo ya biashara, inarejeshwa, hivyo msiichukue kununulia magongo. Ichukueni kwa cherehani. Viatu msinunue jozi mbili. Akipatikana mwenzake mwenye namba hiyo hiyo aliyebaki na mguu wa kulia, jozi moja inawatosha wawili.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mtu akiwapigia simu akisema anatafuta wachezaji wa kupeleka Uturuki, na kwamba mtume kwanza hela ya fomu, kateni simu. Kuitwa timu ya taifa kunapitia shirikisho la mchezo huo na kocha aliyemwona akicheza, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenu, hivyo msiuze hata kuku kwa ahadi ya simu. Akishacheza miezi kadhaa na mmepata angalau watu sita wa magongo kutoka Mtwara, Lindi na Masasi, niandikie tena. Hapo tutazungumza namna ya kusajili timu na kumwalika kocha aje awatazame.